Mwalimu Ruhusa

Mwalimu alikuwa na tabia moja iliyonikera tangu siku ya kwanza: ukimpa simu yako aione kazi uliyoifanya, haipokei. Anaweka mikono nyuma, anainama, anasema, "Ifungue wewe, mimi niangalie." Simu ya mtu, kwake, ilikuwa chumba cha mtu. Umwambie hakuna kitu humo, ni picha za shangazi na nyimbo za kwaya tu, hakubali. Utashika wewe, utabonyeza wewe, yeye atanyoosha shingo tu. Mtu mzima, mrefu, miwani imefungwa uzi, mgongo umepinda kama anayechungulia kisima.

Alifundisha jiografia Lukuledi miaka mingi, akastaafu, akafungua darasa la kompyuta Masasi, chumba kimoja nyuma ya stendi. Jua la saa saba likishika lile bati, mlikuwa mnatamani muingie wote kwenye jokofu la soda la jirani. Humo ndimo alimonifundisha kutengeneza programu za simu, nami nikabaki kufanya naye kazi hata wenzangu walipoondoka. Wanafunzi walimwita Mwalimu Ruhusa, ila si mbele yake. Jina lilimkaa, maana somo alilolirudia mpaka tukamchoka lilikuwa la kumwomba mwenye simu ruhusa ya kujua alipo.

Kwa asiyejua, mambo yako hivi. Programu haiwezi kujua lokesheni yako mpaka ikuulize. Kinatokea kisanduku kwenye kioo, nawe unachagua: iruhusu wakati unaitumia, iruhusu mara hii tu, au usiiruhusu. Ipo ruhusa nyingine, ya wakati wote, hata simu ikiwa imelala mfukoni. Hiyo imewekwa ndani kwenye mipangilio, mtu aifuate mwenyewe kwa kidole chake. Anayetengeneza programu ndiye anayepanga kisanduku kitokee lini na kitanguliwe na maneno gani. Sisi vijana tulitaka kitokee pale pale mtu anapofungua programu, tumalize. Mwalimu hakutaka hata kusikia.

Alikuwa anatuuliza tumeona wapi mtu anaingia uani kwa watu, hajasalimia, hajasema ametoka wapi wala anataka nini, anaanza kuuliza chumba cha kulala kiko upande gani. Halafu anatuonyesha kwa vitendo. Anatoka nje, anaurudishia mlango, anasimama mbali kidogo, ubavu umeelekea mlango ili asichungulie. "Hodi." Tunanyamaza, tunacheka chini chini. "Hodi." Tunanyamaza. Mara ya tatu tukinyamaza, anaondoka kweli. Alishawahi kutuacha humo ndani, akaenda zake kunywa chai, somo likaishia hapo. Aliporudi alisema redio ilikuwa inasikika na vicheko alivisikia, lakini asiyeitikiwa haingii, basi. Na simu nazo ndivyo zilivyo, mtu akizikatalia mara mbili hazikitoi tena kile kisanduku. Jambo hilo lilimfurahisha mno. Alisema walioliweka, popote walipo, wamelelewa.

Kitu kingine kilichomfurahisha ni kwamba simu ikiona programu imekaa miezi haijafunguliwa, inainyang'anya ruhusa yenyewe, kimya kimya. Alisema mgeni ambaye hasemeshwi tena huaga. Tuliyaandika hayo maneno, maana alikuwa anayauliza kwenye mtihani.

Ukali wake ulikuwa wa ghafla. Kuna kijana mmoja wa Masasi alitengeneza programu ya tochi, nzuri tu, lakini aliinakili kutoka mahali fulani na ikaja na maombi yake yote. Ukiiwasha inataka kujua ulipo. Mwalimu aliitazama, akavua miwani. Akamuuliza taratibu kama tochi inataka kujua anakaa wapi ndipo imwangazie njia ya chooni. Darasa lilivunjika mbavu. Yeye hakucheka. Alimwambia yule kijana achukue daftari lake aende, na kijana hakurudi tena. Mimi nilimwambia Mwalimu amekosea, mtu hafukuzwi kwa tochi. Hakunisemesha mpaka siku ya pili.

Sasa mtu huyo huyo akija kwangu anafunua sufuria. Haombi. Anafika, "hodi" yake safi kabisa, anaitikiwa, anasalimiwa shikamoo, anaitika marahaba vizuri, na kabla hajakaa ameshafika jikoni anafunua mfuniko aone leo kuna nini. Karanga zangu alizila kila siku. Kalamu zangu zote ziliishia mfukoni mwake. Nikimsema, mkewe anacheka mpaka anashika kiuno, anasema mganga hajigangi. Mkewe tulimwita Mama Mwalimu. Alikuwa mtu wa Newala, mfupi, mwenye maneno, na ndiye pekee aliyeweza kumnyamazisha. Akianza kumsema kwa Kimakonde, Mwalimu, Mmakua wa Masasi aliyekiokoteza kwa mkewe nusu nusu, anabaki kutikisa kichwa tu.

Kazi yetu kubwa ilikuwa programu ya maji. Anayejua Newala hahitaji kuelezwa: mji uko juu, maji yako chini bondeni, na wakati wa kiangazi dumu moja linaweza kugombanisha ndugu. Tulitaka mtu abonyeze, muuza maji aliye karibu aone, apeleke. Shida ni kwamba nyumba hazina namba, mtu anaelekezwa kwa msikiti na mkorosho uliokatwa. Kwa hiyo lokesheni ilihitajika kweli. Mwalimu alipanga ile ruhusa kwa wiki nzima, tukabishana mpaka majirani wakaja kuuliza kama kuna msiba. Mwisho ikawa hivi: programu inafunguka bila kuuliza chochote. Ukibonyeza "Leta maji" ndipo yanatokea maneno yake, aliyoyaandika mwenyewe, kwamba tunaomba kujua ulipo ili maji yafike kwako, na ukikataa andika tu mahali kwa maneno, maji yatakuja vile vile. Baada ya hapo ndipo kisanduku cha simu kinatokea.

Hilo la mwisho lilinishinda. Nikamwambia tukiwapa njia ya kukataa, watakataa, na wauza maji watazunguka siku nzima wakitafuta mkorosho uliokatwa. Akanijibu, "Anayekataa naye ana kiu." Aliyasema bila kuinua kichwa kwenye kompyuta. Nimeyakumbuka sana maneno yale baadaye, kuliko nilivyotaka.

Programu ilikufa. Mfanyabiashara mmoja mwenye magari ya maji aliipenda, akatuita, akatupa soda, akasema ataichukua kwa sharti moja: ruhusa iwe ya wakati wote. Alitaka kuwaona wateja wanakokwenda, wanakorudi, nani ana shamba wapi. Nilimkanyaga Mwalimu mguu chini ya meza. Nilikuwa na kodi ya nyumba na mama mgonjwa. Mwalimu akasimama, akashukuru kwa soda ambayo hakuinywa, akatoka. Yule bwana akatafuta wengine wakamtengenezea ya kwake, na watu wa Newala wakairuhusu wakati wote bila kusoma, maana walitaka maji. Miezi mingi nilimchukia Mwalimu. Nilimwambia mkewe hivyo, naye akaniambia ameishi na kichwa hicho tangu ujana wake, kama nimeshakichoka mimi, je, yeye?

Baadaye Mama Mwalimu akaanza kusahau. Alianza na chumvi, akifikiri ameshatia. Ikafuata njia ya sokoni. Mwalimu akafunga darasa, akaniachia kompyuta, akamrudisha mkewe kwao Newala, kwenye nyumba waliyokuwa nayo kule, akisema kule miguu inaikumbuka ardhi hata kichwa kikisahau. Nilikuwa nawatembelea kila nilipopata nafasi, na siku moja nikiwa sebuleni nao nikasikia hodi uani. Nikatazama: ni Mama Mwalimu, alikuwa ametoka kidogo tu kuanika nguo. Amesimama mbali na mlango wake mwenyewe, ubavu umeelekea nyumba, mikono ameikunja, anasubiri. Mwalimu akaitikia, "Karibu, karibu ndani." Akaingia kwa unyenyekevu, akavua kandambili, akaketi pembeni ya mkeka kama mgeni. Akaniuliza wenyeji wa hapa hawajambo. Nikajifanya napenga kamasi.

Ikawa hivyo kila siku. Akitoka, hurudi kwa hodi. Asipoitikiwa haingii, atasimama hapo hapo juani. Kwa hiyo Mwalimu alijifunza kukaa karibu na mlango. Alikuwa anaitikia akiwa anakula, akiwa anasali, hata akiwa amelala mchana huota anaitikia. Sikuwahi kumsikia akimwambia ingia, hapa ni kwako. Nilimuuliza kwa nini hamwambii. Akasema ukimwambia hivyo anaona aibu, ukimkaribisha anafurahi.

Na siku yake ikiwa nzuri, Mama Mwalimu alikuwa yule yule. Siku moja ya namna hiyo Mwalimu alimuomba. Nilikuwepo. Alimweleza kila kitu, kwamba ataweka programu kwenye simu yake, ile simu aliyokuwa akiivaa shingoni kwenye kifuko, ili akipotea ajulikane alipo. Akamwonyesha kisanduku. Mama Mwalimu akakisoma chote, midomo ikicheza. Halafu akamtazama mumewe.

"Nimekaa na wewe miaka yote sijakupotea," alisema. "Leo unataka kunifunga kamba kama mbuzi?"

Akabonyeza "Usiruhusu". Mwalimu akasema sawa, ikaishia hapo. Nami njiani nikirudi Masasi nilimuona mkubwa kuliko nilivyowahi kumuona, na pia nilimuona mjinga.

Ilikuwa miezi ya baridi, wakati wa jando, watu wakiwa kwenye ngoma za watoto wao na mashamba yamebaki peke yake. Nilikwenda Newala asubuhi kumpelekea Mwalimu kompyuta niliyoitengeneza, nikamkuta uani na majirani. Alikuwa ametoka kidogo kwenda kanisani, jirani akiwa anamwangalia Mama Mwalimu. Jirani aliingia kukoroga sufuria, akatoka, mtu hayupo. Mwalimu alikuwa ameshika simu yake. Akaitazama, akasema, "Yuko hapa hapa. Hajatoka." Nilidhani anapiga namba ya mkewe; nilipoipiga mimi haikupatikana, nikasema ni mtandao tu.

Basi tukatafuta hapo hapo. Chooni, bandani, chini ya vitanda, migombani, nyumba za jirani. Wakachukua mti mrefu wakapima kisima cha maji ya mvua pale uani, sisi wanawake tumeshika vichwa. Hakuna. Mzee mmoja akasema huyu mama tangu usichana alikuwa anapenda kuchimba ming'oko, vile viazi vya porini, upande wa mteremko, na fimbo yake ya kuchimbia haipo, twendeni huko. Mwalimu akatazama simu tena, akamkatalia kwa sauti ya darasani. "Hajatoka, nawaambia." Nani wa kumbishia? Watu wakarudi kupekua mlemle walimokwisha kupekua, na jua likatua.

Kesho yake ndipo tulipotawanyika. Jioni akapatikana, na aliyempata ni mwenye shamba moja upande ule ule wa mteremko, aliyekuwa amerudi kutoka kwenye jando la mpwa wake. Mama Mwalimu alikuwa barazani pa nyumba ya huyo mwenye shamba, amekaa, ameegemea nguzo, amekufa. Baridi na kiu, walisema. Ming'oko ilikuwa kwenye kanga, imefungwa vizuri. Fimbo ameisimamisha ukutani. Kandambili amezivua, amezipanga pembeni ya ngazi.

Mlango wa nyumba ile haukuwa na kufuli, ulikuwa umerudishiwa tu. Ndani, hatua chache kutoka pale alipokaa, kulikuwa na pipa la maji limejaa na kata imewekwa juu ya mfuniko, na kitanda chenye blanketi. Mwenye nyumba alikuwa anatuonyesha huku analia, kama kwamba kosa ni lake. Hapakuwa na alama ya mguu iliyovuka kizingiti. Alibisha hodi, hakuitikiwa, akakaa kusubiri. Nililia kwa hasira siku ile, sikujua namkasirikia nani.

Tulizika. Watu wakasema mengi, na mengi yalikuwa ya huruma. Nilimpigia Mwalimu simu mara nyingi, anapokea, anaitika marahaba, anakata.

Mwaka uliofuata, mikorosho ikiwa inachanua, nilipanda tena kwenda kumuona, na safari hii nilikuwa na shida. Familia kadhaa za Masasi zilikuwa zimenijia. Wana wazee wanaosahau, wamesikia habari ya Mama Mwalimu, wanataka niwatengenezee programu ya kuwafuatilia. Pale pa kuomba ruhusa nilikwama. Kila nilipoandika maneno ya kile kisanduku niliyafuta. Nikaona bora nimfuate aliyenifundisha.

Nilibisha hodi. Kimya. Nikabisha tena, kimya, na mlango nauona hauna kufuli. Mara ya tatu nikasikia mtu anakohoa ndani lakini haitikii. Miguu yangu ilishageuka, nasema kweli, adabu ya mwalimu wangu ilikuwa inanirudisha stendi. Nikasukuma mlango nikaingia.

Alikuwa kwenye kiti chake karibu na mlango. Amekonda. Akaniambia, "Hukuitikiwa." Nikamwambia sikuitikiwa, nimeingia. Akatikisa kichwa kwa kukubali, akanionyesha pa kukaa. Nikampa shikamoo, nikamweleza shida yangu yote, zile familia, wazee wao, kisanduku. Alinisikiliza mpaka mwisho. Badala ya kujibu aliniuliza kama nakumbuka siku ile alivyotuambia hajatoka. Nikasema nakumbuka.

Akaniambia. Baada ya mkewe kukataa, Mwalimu alikaa na lile jibu kwa muda. Siku moja mkewe akakutwa stendi anaulizia gari la kwenda kwa mama yake, aliyezikwa zamani. Mwalimu akaogopa. Akasubiri mpaka mkewe alipokuwa amesahau kabisa kwamba aliwahi kuulizwa, akaichukua ile simu kwenye kifuko, akaingia kwenye mipangilio, akabonyeza mwenyewe: ruhusu wakati wote. Kwenye simu yake ikatokea nukta ya mkewe, inatembea kisimani, inatembea kwa jirani, inarudi.

"Aliyenikatalia alikuwa mke wangu," alisema. "Niliyemwibia alikuwa mgonjwa wangu. Nilijiambia ni watu wawili."

Mama Mwalimu hakuwahi kuifungua ile programu, angeifunguaje na hajui kama ipo. Miezi ikapita. Simu ikafanya kama alivyotufundisha, ikaiondolea ruhusa, na nukta ikaganda pale ilipokuwa mara ya mwisho, nyumbani. Na kwa kuwa zilikuwa siku nyingi mkewe hatoki uani, nukta isiyotembea haikumshtua. Siku ya kupotea, ramani ilimwambia mkewe yumo ndani.

Nikamuuliza kama hakujua simu itafanya hivyo. Akasema alijua, si ndiye aliyetutungia mtihani? Kipo pia kitufe cha kuizuia simu isiondoe ruhusa. Alikijua, hakukigusa. Kila asubuhi alikuwa anaichaji simu ya mkewe, anaishika, ingetosha kuifungua ile programu mara moja. "Siku moja akaniuliza nafanya nini na simu yake," alisema. "Nikasema nachaji. Akaniambia, asante Mwalimu. Baada ya ile asante kidole hakikuweza tena."

Nilikasirika. Nilimkasirikia kwa kuiba, na nilimkasirikia zaidi kwa kuiba nusu. Kama ni kuheshimu, angeheshimu, na siku ile tungeelekea mteremkoni mchana kweupe. Kama ni kuiba, angeiba mpaka mwisho. Nilimwambia yote hayo, mzee wa watu, na sikupunguza. Alisikiliza amekunja mikono magotini.

Nilipopoa nikamuuliza tena kuhusu wale wazee wa Masasi. Niwaulize? Na wakikataa?

"Sijui," alisema Mwalimu.

Miaka yote niliyokuwa naye sikuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwake. Nikampikia uji, akaunywa kidogo. Hakufunua sufuria. Nikaaga, maana gari la mwisho la Masasi halingoji mtu.

Nikatoka, na kwa mazoea nikaurudishia mlango nyuma yangu.

"Uache wazi," akasema kutoka ndani.

Nikarudi nikausukuma mpaka ukagusa ukuta, nikaweka jiwe ili upepo usiufunge.